Mchapa Lebo na Chupa ya Baba Mkwe

Mshauri wangu, shikamoo. Nimebanwa kweli kweli, naomba uniokoe kabla ya Jumapili, na tafadhali nifichie jina, maana mama wa mchumba wangu hakosi ukurasa wako hata wiki moja.

Mimi ni mchapaji, kazi yangu ni kuchapa lebo za chupa, na huu ni mwaka wa sita nachapa lebo za mvinyo mpaka maneno yake nayajua kwa kichwa, lakini mvinyo wenyewe sijawahi kuutia mdomoni, kwetu ni chai asubuhi na chai jioni, sasa mwezi uliopita mchumba wangu alinipeleka kwao kwa mara ya kwanza, na baba yake ni mzee aliyehudumia wageni hotelini miaka thelathini, akiwamiminia mvinyo hadi akastaafu, basi akaniuliza kwa upole tu, "Kijana, mvinyo unaujua?" na mimi kwa kiherehere changu, kutaka kuonekana mtu mbele ya watu, nikasema naujua sana, nikamwaga lebo nzima kama ilivyo, harufu ya matunda meusi, moshi kwa mbali, ladha inayokaa kinywani, na mzee akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Haya. Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao mama yako huyu atatuokea kuku. Lete chupa moja, uichague mwenyewe."

Tangu siku hiyo naomba ushauri kila mahali. Shangazi yangu anasema ninunue chupa nzito kuliko zote, eti uzito ndio heshima, na mchumba wangu anasema niseme ukweli, lakini yeye ni binti yake, atasamehewa, mimi je? Jana nilisimama dukani mbele ya rafu karibu saa nzima, nikajikuta natafuta lebo iliyochapwa vizuri, hii dhahabu yake imebanduka, ile wekundu umevuka mstari, napapasa karatasi kwa kidole gumba, mpaka muuzaji akaniuliza, "Kaka, unanunua mvinyo au unanunua karatasi?" nikatoka mikono mitupu. Mshauri, nampenda huyu dada kwa moyo wangu wote, na naogopa baba yake akijua nilimdanganya siku ya kwanza, hataniamini tena maisha. Nichague chupa gani?

Ni mimi, Mchapa Lebo.

*

Marahaba, Mchapa Lebo. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakuonea huruma, maana wengi wetu tumewahi kujitia tunajua mbele ya wakwe. Huruma yangu inaishia hapo. Umemsomea lebo mtu aliyezisoma lebo miaka thelathini! Unafikiri hakukugundua? Alikujua tangu kwenye matunda meusi. Angetaka kukuumbua, angekuumbua palepale mbele ya binti yake. Badala yake amekualika tena mezani. Mzee anakupa nafasi ya kujirekebisha, na wewe uko dukani unapapasa karatasi.

Sasa nisikilize. Rudi duka lile lile, kwa muuzaji yule yule, umwambie mtakula kuku wa kuokwa, mko wanne, na wewe hujui kitu. Hilo la mwisho ndilo litakalomfanya akusaidie. Kwa kuku, mvinyo mweupe usio mtamu unafaa, na kama mzee ni mtu wa mwekundu, basi uwe mwepesi. Muulize mchumba wako baba anapenda upi, si anaishi naye? Shangazi yako nampenda bure, lakini uzito wa chupa ni wa kioo, na kioo hakinyweki. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha usiidharau, humo mna mvinyo mzuri tu. Na ukishainunua, usiiweke kiwandani karibu na mashine, joto litaiharibu.

Kisha fanya kazi unayoijua. Omba ruhusa kwa bosi wako, uchape lebo moja tu, ndogo, uibandike nyuma ya chupa, pale ulipozoea kusifia usichowahi kukionja. Iandike hivi: "Baba, huu sijawahi kuuonja. Naomba unifundishe." Mkabidhi kabla hamjakaa, mwache asome, na ufunge mdomo. Miaka yote hiyo amewamiminia wageni, na sidhani kama yupo hata mmoja aliyemwomba amfundishe. Akikumiminia, onja kidogo. Ukiuona mchungu, sema mchungu. Kinywa ni chako.

Jina nimekufichia. Lakini hebu fikiria, ni wachapa lebo wangapi mjini wamealikwa kuku Jumapili hii na kuambiwa walete chupa?

Na wewe mama mwenye kuku, najua unasoma. Nakuomba umfiche mzee gazeti hili hadi Jumatatu. Mwache huyu kijana wako aseme mwenyewe.