Tonge Lililogoma Kushuka

Kwa mdogo wangu, fundi saa,

Salamu zikufikie hapo ulipoinamia saa za watu kwa jicho moja. Hujambo wewe, hawajambo wanao, na kiuno chako je, bado kinalia kama bawaba? Mimi ni mzima kutoka kidevuni kwenda juu na kutoka kitovuni kwenda chini. Hapo katikati ndipo pana mgomo.

Mgomo wenyewe unaujua. Tonge linaingia vizuri, linafika kifuani, linakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nasimama, nakanyaga chini, nainua mikono kama mwizi aliyefumaniwa, nasukuma kwa maji, na maji nayo yanatokea puani. Mshipi wangu nimeutoboa tundu jipya kwa sindano yangu ya viatu, nikautoboa tena, sasa ncha yake inanifikia mgongoni.

Mwenye duka la dawa alisema ni gesi. Binti yangu akasema ni meno, eti sitafuni. Jirani akasema ni majonzi ya kufiwa na mke. Nikamwambia marehemu alinikaba alipokuwa hai, sasa si angeniachia? Wakacheka, nami nikacheka.

Ndipo ukajitolea kunipeleka hospitali uniongelee, kwa kuwa ulisoma kunizidi. Uliingia kwa daktari, ukaniacha kwenye benchi. Ulipotoka ukanishika bega, ukasema nivute subira, madaktari nao wanabahatisha. Nikapewa vidonge vya tumbo. Nimevimeza mwaka mzima, vile vilivyokubali kupita.

Mwezi huu mkeo alinikuta dirishani nikitema. Shemeji hakucheka. Tangu hapo ananichujia supu mpaka inateleza, na ndiye aliyenivuta mkono hadi hospitali ile ile. Daktari mpya, mama asiye na mzaha, alininywesha dawa nyeupe nzito kama chokaa, akanisimamisha mbele ya mashine ya picha. Tukaiona dawa sote: imetuama kifuani kama maji kwenye sinki lililoziba. Akasema mlango wa chini wa koo umekataa kufunguka, na ungetazamwa mapema nisingekonda hivi. Wataupanua kwa kiputo, kipira kidogo kinachoshushwa kooni na kujazwa hewa.

Yule daktari wa kwanza aliitwa aione picha. Nikamuuliza mbona mwaka mzima hakunipima hivyo. Akatazama viatu vyake, akasema: "Mzee, ndugu yako aliniambia unajifanya. Alisema, 'Huyu kaka yangu anapenda kubembelezwa tu. Mpe chochote atulie.'"

Mdogo wangu, nimechekwa na wengi, nami nimewacheka. Lakini wewe ulikaa nami mezani ukiniona napaliwa, ukanipiga mgongoni ili nipumue. Ungeniita mwongo usoni, ningekutukana, yakaisha. Wewe ukaniuza kwa mnong'ono, nami niko kwenye benchi nakuombea dua kwa wema wako.

Jumatatu wananipanua. Daktari anataka ndugu mmoja akae mlangoni, wa kuulizwa likitokea la kutokea. Sikukutaja. Nimemtaja mkeo. Alikuwa amesimama kando yangu daktari yule aliposema, amesikia kila neno. Kama siku hizi anakuwekea chakula na kuondoka bila kusema kitu, sasa unajua sababu.

Wasalimie watoto, waambie baba yao mkubwa bado ana ulimi. Mkeo usimsalimie, nitaonana naye kesho.

Ni mimi, bado kaka yako,
Fundi viatu