Siku Ulipokataa Kunibeba

Mpendwa Baba,

Mama anasema marehemu haandikiwi barua. Nakuandikia hivyo hivyo, maana ukaidi huu nimeurithi kwako na yeye anajua.

Unakumbuka nilivyoanguka. Nilikuwa nateremka kutoka Bugeshi mlimani na gunia dogo la viazi kichwani, njia imelowa, mguu wa kushoto ukaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Pale hospitalini Gisenyi walinipasua mguu uliovunjika, wakaniwekea chuma, wakafunga plasta. Ulikaa kando ya kitanda, kofia magotini, ukiwauliza wauguzi maswali ambayo hata daktari hakuwa na majibu yake.

Tuliporudi nyumbani Kanama, upendo wako nusura unimalize. Ilikuwa mwaka wa tano tangu tuvuke mpaka kutoka Karagwe, na kilima kizima kilishakufanya mkubwa wa watu wa ingobyi, wale majirani wanaobeba wagonjwa kwa zamu kwenye machela ya kusukwa. Nani angethubutu kukosa zamu ya binti yako? Nilibebwa kwenda kanisani, nilibebwa kwenda kuota jua, na hata plasta ilipotolewa niliendelea kubebwa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Hakuna aliyeona kwamba wayo wangu umeinama na kisigino hakifiki chini.

Ndivyo mlivyonipeleka kwa Mama Neema, yule mama wa Goma aliyekuwa akifanyisha watu mazoezi ya viungo pale hospitalini: wanaume wanne, ingobyi mabegani, wewe mbele. Hata askari wa kizuizi cha barabarani walitupisha kwa huruma. Mama Neema hakuwa na huruma. Alikishika kifundo changu, akakisukuma, hakikusogea. Akasema mkizidi kunibeba kitaganda hivyo, na Bugeshi nitabaki kuisikia kwa watu. Ukamjibu kwa heshima kwamba mgonjwa hubebwa, ndivyo tulivyolelewa.

“Mzee, mufupa ishapona,” akasema. “Huyu si mugonjwa tena. Ni nyinyi munamufanya mugonjwa.”

Nilijua maneno yamekuchoma.

Kesho yake ukaanza kazi. Ulinifunga kitenge kwenye wayo, nikakivuta huku wewe ukihesabu kwa sauti ileile uliyohesabia ng'ombe. Ulinisimamisha mbele ya ukuta, goti liuguse na kisigino kisinyanyuke, nawe umepiga magoti nyuma yangu ukichungulia kama nadanganya. Nilikuwa nadanganya. Jumamosi tulikwenda Rubona kwenye chemchemi ya maji ya moto, nikazungusha mguu humo mpaka vidole vikakunjamana.

Halafu ikaja ile siku ya mlimani. Minibasi ilitushusha barabarani, nyumbani ni juu, na mvua ilikuwa imepita. Katikati ya njia mguu ulivimba, nikakaa chini kwenye matope nikalia. Majirani wawili waliotoka shambani waliweka majembe chini kunichukua. Ukawaomba waende zao. Nikakuomba mgongo wako.

“Nikikubeba leo, nitakubeba mpaka nife,” ukasema. “Halafu nani?”

Nilikuchukia, Baba. Nikakwambia unawabeba watoto wa wenzako na wako unamwacha matopeni. Ukageukia migomba, na nikaona mabega yako yanatikisika. Sikukuonea huruma hata kidogo. Niliinuka kwa hasira, nikapanda kwa hasira, hatua kumi, kupumzika, hatua kumi, na nilipofika nyumbani sikukusalimia mpaka asubuhi. Kwa neno lile sikuwahi kukuomba radhi. Naomba sasa.

Ulitutoka wakati kisigino kimebakiza unene wa kidole kufika chini. Watu wakadhani nitaacha, nikae na mkongojo wangu nionewe huruma. Nilikaa siku za matanga tu. Kisha nikarudi kwenye ukuta, kila asubuhi, goti likigonga udongo mpaka Mama analalamika kwamba nitambomolea nyumba. Kuna siku kifundo kilisogea, kuna siku kilinifanyia kusudi. Sikukibembeleza.

Wiki iliyopita nilikuwa navuna maharage. Nilichuchumaa, nikang'oa, nikasogea, nikang'oa tena. Nilipotazama chini, visigino vyote viwili vilikuwa udongoni, vimetulia. Nikapaza sauti kuelekea uani, kana kwamba bado upo: “Baba, kimefika!”

Mama akatokea mlangoni. Alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akaja, akachuchumaa kando yangu, tukamaliza mstari pamoja.

Kuteremka bado kunauma, na Mama Neema anasema huenda kutauma siku zote. Na kuume. Jumatatu napanda Bugeshi kuchukua viazi, na wale watu wako wa ingobyi nimewaambia wasinisindikize.

Pumzika, Baba. Umebeba vya kutosha.

Ni mimi binti yako mkubwa