Panya Zilizokataa Kuvimba

Dzaleka, Malawi
Mwezi wa sita

Dada yangu mkubwa Wabiwa, kule Fizi,

Ninakusalimia kwa mikono mbili. Mgongo uko aje? Muhogo mlivuna, ao nguruwe pori zilitangulia tena? Mi hapa iko nguvu. Meno yangu iko karibu yote, na asubuhi nikitembea ninaacha vijana nyuma. Barua hii ninaiandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, sababu maneno ya jina langu sitaki yapite kwa mkono wa mtu mwingine. Herufi zikipinda, zisome vile zimepinda.

Nimesikia habari imefika mpaka kwenu. Eti mi, mzee wa kanisa, nimeiba dawa za panya Lilongwe na nimefukuzwa. Dada, sikuiba. Sikufukuzwa. Kaa vizuri nikueleze.

Unajua kwetu mi njo nilikuwa nafuga simbilisi kushinda bote. Hapa kambini vilevile, zinazaa mpaka zinanichokesha. Sifa yangu ikafika Lilongwe. Dokta mmoja, binti wa Kimalawi, kijana sana, jina lake Tamandani, alikuja akaangalia vibanda vyangu, akaniuliza: "Agogo," njo kusema babu, "unaweza kuchunga panya?"

Nikamjibu: "Mtu aliyechunga simbilisi wakati wa vita, panya ni nini?"

Yeye na bakubwa ba chuo chake bakanitafutia kibali cha kutoka kambini. Sasa wiki nzima nalala Biwi, mtaa wa Lilongwe, kwa fundi cherehani mmoja wa Uvira, na Jumamosi narudi Dzaleka. Majirani banacheka. Hapa bantu banauza panya za shamba kando ya barabara, zimekaushwa kwenye kijiti, banaziita mbewa. Kila Jumamosi nikishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba bantu kwa malipo, jirani yangu Mnyarwanda, Mama Furaha, anapiga kelele: "Mzee, leo kijiti kiko wapi?" Namwambia zangu ni nyeupe na zinakula vizuri kuliko batoto yako. Anacheka mpaka kitenge kinalegea.

Kazi yenyewe njo hii. Dokta anataka kujua kama dawa moja ya kupunguza uvimbe ni nzuri kweli. Panya anapigwa sindano ndogo kwenye mguu, mguu unavimba, yeye anaupima. Panya zingine zinapewa dawa, zingine maji tu, ili aone tofauti. Lakini dawa anaitoa mbele ya sindano, si nyuma. Hapo nilikataa.

"Dokta, nani analia mbele ya msiba?"

Akasema: "Agogo, dawa ikitangulia inaukuta uvimbe mlangoni. Ikichelewa, inakuta uvimbe umeisha kuingia na kuketi. Dawa ni ileile, jibu si lile." Tena akasema hata asubuhi na jioni si sawa, sababu usiku wetu njo mchana wa panya, kwa hiyo kila siku tufanye saa ileile. Nikaona huyu mtoto ana akili. Ila mi, mpaka leo, kidonge nameza nikiumwa.

Vyumba viko viwili. Kimoja changu, kingine cha Lameck, mwanaume wa Madisi anayeongea kushinda redio. Kwa Lameck mambo yalienda vile Dokta anataka: panya ya maji inavimba, ya dawa inavimba kidogo. Kwangu mi, zote miguu myembamba. Hata za maji! Nilifurahi. Nilijua ni mkono wangu, na nyimbo za kanisa ninazoziimbia. Nikamwambia Lameck: "Unaona? Panya anajua mtu." Lameck akanyamaza. Lameck akinyamaza, ujue kuna kitu.

Asubuhi moja Dokta aliniita nje, kwenye kiwanja, mbele ya mlinzi wa mlango, mama wa ufagio na banafunzi.

"Agogo, kuna mtu anatia dawa kwa panya za maji."

"Mtu gani?"

"Chumba ni chako."

Sikupiga kelele. Nilisema tu: "Binti, mi nilikimbia nchi yangu na kitu kimoja ambacho hawakuninyang'anya, jina langu. Leo umelichukua mbele ya mama wa ufagio." Mama wa ufagio akaangalia chini.

Nikadai tubadilishane vyumba, mi kwa Lameck, Lameck kwangu, ili aone ubaya ni wa chumba. Nilijua nitashinda. Kumbe! Ubaya ulihama na mi. Panya zangu za zamani zikaanza kuvimba vizuri kabisa, na zile za Lameck, nilipoingia mi, zikakataa. Lameck akacheka: "Bambo," njo kusema baba, "umejifunga kamba mwenyewe!" Njo hapo habari ilitoka, ikapanda minibasi mpaka Dzaleka, ikaingia kwenye simu mpaka Fizi.

Mtu mwingine angetoroka. Mi kesho yake nilifika mapema kuliko mlinzi. Nikamwambia Dokta: "Shika ufunguo wa dawa. Zipe mwenyewe. Mi nitazoa mavi tu, sitagusa hata kizibo." Akafanya hivyo siku nyingi. Miguu ikabaki myembamba. Sasa mwizi ni nani? Dokta akaleta kiti, akaketi chumbani, akawa ananiangalia mi, si panya.

Wakati huu baridi ya Lilongwe inauma. Nina koti la sufu, zito. Na yule fundi wa Biwi ana paka mkubwa, kila siku analala juu ya koti langu kama yeye njo aliyelinunua. Basi nimeingia, nimetundika koti kwenye msumari, panya zote zikaacha kula. Zikajikusanya kwenye pembe moja, kama bantu bamesikia bunduki. Dokta akasimama. Akanusa koti.

"Agogo, unakaa na paka?"

Alinieleza polepole. Panya akiogopa sana, mwili wake wenyewe unatoa kitu kinachopunguza uvimbe, na harufu ya paka inatosha kumwogopesha. Panya zangu za maji zilikuwa zinajitibu kwa woga.

"Si nyimbo?"

"Hapana, agogo."

"Si mkono wangu?"

"Hapana."

Sikukubali yote, na bado sijakubali. Lakini alipeleka koti peke yake kwenye chumba cha Lameck, mi nikabaki nje, na kule nako miguu ikakataa kuvimba. Koti lilisema mbele ya bote.

Kazi yote iliyofanywa koti langu likiwa ndani ilitupwa, baanze upya. Dokta alihuzunika, na mi nilimhurumia. Hata hivyo nikamwambia sigusi ndoo mpaka jina langu lirudi palepale lilipochukuliwa. Kisha akatoka kiwanjani, akaita mlinzi, mama wa ufagio, banafunzi, Lameck, akapiga magoti vile mabinti wa hapa banafanya mbele ya mzee. "Pepani, agogo. Hukuiba. Mi nilikosa." Mama wa ufagio akapiga vigelegele, mlinzi akafikiri kuna harusi. Nilimwinua yule binti, nikasema zikomo, njo asante, nikaenda kuchukua ndoo yangu.

Sasa naoga palepale kazini na kuvaa nguo zao. Koti Dokta ameliomba: anataka kuliweka makusudi kwa panya zingine, apime woga unaharibu jibu la dawa kiasi gani. Nimempa. Asubuhi meno yanagongana kwa baridi, na bantu bananiuliza koti liko wapi. Nawajibu liko kazini, na madokta banalingojea.

Unisalimie shemeji, bwana wako, na shangazi Apendeki kama masikio yake inasikia bado. Msalimie Bahati, mtoto wa marehemu kaka yetu, umwambie ualimu asiuache. Mke wangu anakusalimia sana, juzi alikuota unacheka.

Sasa ombi langu, dada. Barua hii usiikunje ukaificha. Jumapili, mahubiri yakiisha, mpe pasteri aisome kwa sauti, sababu uwongo nao ulisemwa kwa sauti. Akifika pa paka asiparuke. Bantu batacheka. Uwaache bacheke mpaka bachoke: mwizi hachekwi, mwizi hunong'onwa.

Ni mi, mdogo wako,
Asukulu, mzee wa kanisa