Chafya za Kuku wa Zuhura

Shikamoo mama, na pole na jua la Masasi.

Huku Pugu sikai nikatulia. Jana kuku wa mdogo wangu Zuhura waliamka wanapiga chafya, nami haraka nikaikoroga ile dawa uliyonipa kwenye ndoo yao ya maji, kama tunavyofanyaga nyumbani. Zuhura akaimwaga yote! "Dada, mtaa mzima tumekubaliana. Tukiwapa kuku dawa ovyo ovyo vijidudu vinakuwa sugu, siku wanetu wakiugua dawa haiwasaidii."

Kumbe hapa kuku akiugua, majirani wawili wanakuja kwanza kunusa banda. Mmoja wao, Mama Jose, alinusa, akanigeukia: "Mgeni, hii siyo ya dawa. Maranda ya mbao waliyotandikiwa yamelowa, harufu kali inawawasha pua." Tukayazoa, tukamwaga makavu, tukakunja maturubai hewa ipite. Wasipopata nafuu leo, anaitwa bwana mifugo.

Basi mie tangu alfajiri nakaa, nanyanyuka, natega sikio bandani. Kabla hujawakorogea wako, mama, mwite jirani anuse.

Nimekukumbuka mno. Tangu nianze kuandika kadi hii nimesikia chafya moja tu. Ilikuwa yangu, ya vumbi la maranda.

Mwanao, Somoe