Mama, Mgongo Wangu Si wa Kioo

Mama yangu kipenzi,

Mjukuu wako amenipanda mgongoni sasa hivi kana kwamba nimekuwa punda. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka, viganja chini, natoa pumzi polepole, mara nikasikia vidole vidogo ubavuni. Akapanda, akashika nywele, akanipulizia shingoni, "fuu", vile anavyonisikia mimi. Hukumuona, mama, ulitangulia kabla hajazaliwa. Anaitwa Kadzo, jina lako, na ameanza kusimama kwa kushikilia kiti. Nimemshusha, nikampa mwiko achezee, nikachukua kalamu.

Nakuandikia nikiwa na hasira kidogo. Mavyaa, mama yake Baba Kadzo, amekuja asubuhi kutoka Rabai, yuko uani anazungumza na majirani, na jioni anataka kuondoka na Kadzo.

Si mtu mbaya. Nilipojifungua alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa leso kama ulivyofungwa wewe. Arobaini ikaisha, mimi sikufungua. Nilipenda nilivyoonekana. Nikazidi kukaza, nikalala nayo, na kila nikiinua ndoo nilibana tumbo na kuzuia pumzi. Siku niliyoivua, niliinama kumtoa mtoto kwenye beseni, mgongo ukanishika. Nikabaki nimepinda vile vile, Kadzo analia majini, mpaka jirani akaja kututoa sote wawili.

Tangu hapo mavyaa ana neno moja tu. "Mgongo wako wa kioo huo. Nipe mtoto nikamlee Rabai, wewe upumzike."

"Mama, bado ananyonya," nikamwambia.

"Hata mwanambuzi huachishwa."

Baba Kadzo naye akapiga simu kutoka kazini Kikambala, ati mama yake anataka kusaidia tu. Nikamwambia basi asaidie kufua.

Nikaenda kliniki. Daktari wa mazoezi, mwanamke wa makamo, akanilaza chali, magoti juu, akaniwekea mkono tumboni, akasema nipumue. Nikapandisha mabega. "Wewe," akasema, "unapumua kama mtu aliyefukuzwa na mbwa." Akanieleza kwamba chini ya mbavu kuna msuli wa kupumulia, na ndani kabisa ya tumbo na kando ya uti wa mgongo iko misuli inayoshika mifupa isiyumbe. Hufanya kazi pamoja. Ukitoa pumzi taratibu mpaka mwisho, ile ya tumbo hujikaza yenyewe. Ukijifunga leso kutwa kucha, pumzi haina pa kushukia, na misuli inazoea kushikiliwa. Kulala chali ni rahisi kwa sababu sakafu inakubeba. Ukipiga magoti na viganja, kiwiliwili kimening'inia, sharti kijishike chenyewe.

Akanigeuza hivyo, akasema nitoe pumzi kwa mdomo mdogo. Hapo nikakuona, mama.

Nilikuona jikoni kwetu, kwenye mafiga, makumbi ya nazi yamelowa mvua na moto hautaki. Ulikuwa umepiga magoti, viganja chini, uso karibu na majivu. Mimi kando yako napuliza fu-fu-fu mpaka kichwa kinazunguka, nawe unacheka. "Moto haupigwi makofi, mwanangu. Upe pumzi ndefu." Halafu uliinuka na sufuria nzima ya maji, ukitoa pumzi ile ile. Nilidhani ni uchovu, unaguna tu. Kumbe ulikuwa unajishika.

Basi kila siku napuliza moto usiokuwepo. Jirani alinikuta mlangoni: "Mama Kadzo, umepoteza hereni?" Nikamwambia natafuta mgongo. Sikudanganyi, asubuhi nyingine bado unauma, na daktari hakuniahidi muujiza. Lakini jana niliinua ndoo nusu bila kuzuia pumzi, na kesho itajaa zaidi. Leso nimeikunja kabatini. Ikitoka tena, itatoka kumbeba Kadzo.

Wanasema mwanamke mgonjwa hushukuru akipokewa mzigo. Mimi mwanangu si mzigo. Mavyaa akitaka kumlea mjukuu, mkeka upo, akae hapa amlee nami nikiwepo. Rabai tutakwenda sikukuu, wote, tule na kurudi. Haya nitamwambia kwa adabu, nimempa shikamoo kwanza, lakini nitamwambia.

Ngoja. Kadzo ametambaa hadi uani na mwiko wake. Mavyaa anaita: "Mama Kadzo, mwanao amekaa kwenye majivu. Njoo umwinue, tuone."

Hiyo "tuone" nimeisikia, mama. Naye akae vizuri aone. Nitapiga goti moja chini, nitamvuta mtoto kifuani, nitatoa pumzi yako ile ndefu, kisha nitasimama naye mbele ya macho yake.

Ameita tena. Pumzika, mama. Ni mimi bintiyo, na mtoto huyu hatoki mikononi mwangu mpaka atake mwenyewe kushuka.