Dirisha la Upande wa Oldeani

Alhamisi, 10 Julai

Kosa la watu wengi hapa Karatu ni kufungua dirisha asubuhi, kuona ukungu, na kuikatia tamaa siku nzima. Julai ukungu hushuka ukakaa. Hauna haraka. Mimi pia sina. Nimechemsha maji, nimenyoa ndevu, nimepalilia mchicha wa binti yangu Wakesho. Baadaye Mlima Oldeani ukatoka, kwanza bega, kisha kichwa.

Nilivuka mpaka kutoka Wundanyi kuja huku Tanzania kumwona kwa wiki mbili. Tangu hapo vuli imepita, na masika yamepita.

Jana Wakesho alisema fundi anakuja Jumatatu kunijengea chumba nyuma ya nyumba. Anataka jibu kabla ya hapo. Nihamie huku moja kwa moja, au nirudi nyumbani.

Ijumaa, 11 Julai

Jibu ni hapana. Naandika sababu nisije nikalegea.

Kwetu baba haishi kwa mkwewe. Hufika, huchinjiwa, hulala, huondoka. Akizidisha, watu huuliza kama hana kwake. Mimi ninako: nyumba, migomba, kaburi la mama yake Wakesho.

Na mkwe wangu Elibariki hajatamka neno kuhusu chumba hicho. Yeye ni mtu wa Machame, dereva wa watalii, msemaji kwa wageni wa kila taifa. Lakini chumba kikitajwa mezani, hutazama sahani yake. Nimeelewa. Inauma.

Kesho hana safari. Anatupeleka Ngorongoro. Nitawaambia huko.

Jumamosi, 12 Julai

Mashamba ya kahawa, udongo mwekundu, kisha lango. Baada ya lango, msitu. Miti imevaa ndevu za kijivu zinazochuja ukungu na kuugeuza maji. Ndiyo maana chemchemi za chini hazikauki. Niliwaeleza hayo. Wakesho akasinzia. Gari lilipanda polepole, kana kwamba na sisi tunaota.

Maisha yangu yote nimefundisha jiografia, na kreta hii nimeichora ubaoni kila mwaka. Sikuwahi kuiona. Wanafunzi walidhani mlima ulilipuka ukaacha shimo. Sivyo hasa. Mlima ulitapika vilivyokuwa tumboni, kilele kikakosa cha kukalia, kikazama ndani yake.

Tulipofika ukingoni, hapakuwa na kreta. Weupe tu. Watalii walipigana picha wakaondoka.

"Baba, bakuli leo limejaa uji," Elibariki alisema.

"Tungekuja na vijiko," Wakesho akajibu.

Nikasema tungoje. Tukala viazi vya kuchemsha, tukanywa chai ya tangawizi. Niliipanga hotuba yangu kichwani.

Kengele zikasikika ndani ya weupe. Kisha ng'ombe. Kisha msichana mwenye shuka jekundu. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akainamisha kichwa. Nikampa mkono. Hakuupokea. Aliendelea kuinama.

"Mguse utosini, Baba," Elibariki alininong'oneza. "Watoto wa Kimaasai humsalimia mzee hivyo. Anakungoja wewe."

Nikamgusa. Nywele zilikuwa baridi kwa umande. Chini yake, joto. Akawafuata ng'ombe wake, weupe ukawameza wote.

Tangu nimzike mke wangu, sikumbuki mtu aliyeungoja mkono wangu.

Nikageuka nianze kusema. Elibariki alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi, kichwa ameinamisha.

"Na mimi, Baba."

"Huyo naye!" Wakesho akacheka. "Mmasai wa Machame!"

Hakucheka. Hakuinuka. Nikamgusa utosini. Ndipo akasema, akivitazama viatu vyangu: "Chumba nilikitaka mimi. Nilimtuma Wakesho. Kwetu mkwe hampangii baba pa kulala. Niliona aibu."

Hotuba ikanipotea.

Tulipogeuka, ukungu ulikuwa umepasuka. Ziwa kule chini, jeupe. Nyasi. Nukta nyeusi zinazotembea. Kreta yenyewe, kubwa kuliko ubao wowote. Kisha pazia likafungwa. Hakuna aliyepiga picha.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nilimpigia simu dada yangu Wundanyi. Nikamwomba aitunze migomba. Desemba nitakuja kulisafisha kaburi. Akauliza:

"Kwa hivyo wewe ndiye umeolewa Tanzania?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Naye akacheka. Kisha nikalia kidogo. Wakesho nilimwambia jikoni, kwa maneno machache. Akaunguza vitunguu.

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu. Mlima hauonekani. Najua ulipo.

Elibariki ametoka alfajiri na wageni wake. Chai yangu ameiacha imefunikwa.

Fundi amefika, anavuta kamba ya msingi. Amesema dirisha ataliweka upande wa barabara, kwa sababu kule nyuma hakuna cha kutazama.

Leo, kabla hajapanga tofali la kwanza: nimwambie dirisha aligeuzie Oldeani.