Mume Wangu Amempenda Mama wa Redioni, na Mama wa Redioni Ni Mimi

Mshauri mpendwa, salamu nyingi. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya boksi la pedi za breki kwenye stoo yetu, mlango nimeufunga kwa ndani, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana dada yangu nilipomsimulia alicheka mpaka simu ikamdondoka na hadi leo hajanipa ushauri wowote.

Mume wangu ni fundi wa breki, na si fundi wa kubahatisha, ana sikio ambalo sijui alilipata wapi, tunaweza kuwa mezani tunakula, gari likapita barabarani, yeye akasema bila hata kuinua uso, "gurudumu la nyuma kulia, pedi imekwisha," na kweli gari hilohilo likaletwa baadaye na pedi imekwisha. Mimi nauza spea kwenye duka la mbele, yeye yuko nyuma chini ya magari, katikati yetu kuna ukuta na redio moja kubwa inayosikika pande zote mbili, na tumeishi hivyo kwa amani, hatugombani, ila kusema kweli hatuongei sana pia, tunaulizana chumvi iko wapi na nani amechukua chaja, basi, siku imekwisha.

Balaa lilikuja na kipindi cha asubuhi cha mwalimu mmoja mstaafu mwenye kikohozi, anayesema falsafa si mali ya vyuo, ni ya dereva na kinyozi na mama anayefua nguo za watu, kwa hiyo kila wiki anatoa swali moja, na ukipiga simu ni lazima utoe mfano kwenye kazi yako mwenyewe, ukileta mfano wa vitabuni anakukatia. Sasa swali lake moja lilikuwa hivi: unajuaje kwamba kilichotokea jana kitatokea tena kesho? Wengine walisikia wakaendelea na shughuli zao. Mume wangu alitoka chini ya gari na spana mkononi, akakaa juu ya tairi kuukuu, akafikiri, halafu akasema taratibu, "Sijui."

Kuanzia hapo hajui tena. Alikuja dereva wa teksi, mteja wetu wa siku zote, akauliza, "Fundi, breki zimepona?" Mume wangu akamwambia, "Nimezikanyaga, zimeshika." Yule akasema, "Kwa hiyo zitashika." Mume wangu akajifuta mikono, akasema, "Hilo sasa ni swali jingine, ndugu yangu." Dereva akamwambia, "Fundi, mimi nabeba watu," naye akajibu, "Ndiyo maana sitaki kukudanganya." Teksi ikaenda gereji ya jirani, ambako breki hawazijui vizuri lakini uhakika wanao tele. Basi la shule likafuata. Gari la wagonjwa likafuata. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, akamuuliza kwa upole tu, "Baba, umefurahi kuniona?" akajibiwa kwamba moyo wa mtu ni chumba chenye giza, hata mwenyewe huingia kwa kupapasa, mama akafunga mzigo wake asubuhi. Nami nikakosea, nikamuuliza kama bado ananipenda. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Ushahidi wote uliopo mpaka sasa unaonyesha hivyo."

Mshauri, nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nikaingia humu stooni, nikafunga mlango, nikaziba simu kwa mtandio ili nisijulikane, nikapiga kituo cha redio kwa nia moja tu ya kumwaibisha yule mwalimu aache kuharibu nyumba za watu. Nikasema, "Mume wangu hana uhakika kama kesho ipo, lakini haendi kulala bila kuweka alamu. Sasa mwalimu, hiyo alamu anamwekea nani?" Mwalimu akakohoa, akasema, "Mama, hebu rudia." Nikarudia. Akasema hajapata pingamizi zuri kama hilo tangu aanze kipindi, akanibatiza Mama Alamu, akaomba nipige tena.

Mchana mume wangu akaja mezani macho yanang'aa, sijamwona hivyo tangu tuoane. "Leo amepiga mama mmoja," akasema, "ana kichwa yule. Sijui mumewe ni mtu wa namna gani, wala hajui alichonacho." Mimi nikashika kijiko nikiwa sijui nicheke au nimpige nacho. Kesho yake akapiga simu yeye, kutokea chini ya gari, kunijibu mimi, akasema mtu haweki alamu kwa sababu anajua kesho ipo, anaweka ili ikija isimkute amelala. Lilikuwa jibu zuri, mshauri, nilikasirika jinsi lilivyokuwa zuri. Nikapiga tena. Akapiga tena. Sasa kila asubuhi mimi niko stooni na yeye yuko chini ya gari, ukuta mmoja katikati, tunabishana mbele ya watu wote wenye redio, na mziba pancha wa ng'ambo ya barabara ameshatangaza kwamba yeye ni upande wa Mama Alamu mpaka kufa. Wateja wanakuja kwetu kusikiliza, magari wanayapeleka kwa jirani. Mchana tukikutana mezani nikitaka kusema neno ananiambia, "Subiri kidogo, nafikiria alichosema yule mama."

Nusura nikamatwe. Siku moja mwalimu alituunganisha wote wawili kwa pamoja, na lori likapita nje likapiga honi ndefu, ikasikika kwenye simu yangu na kwenye simu yake. Nikasema leo kwisha habari yangu. Mume wangu alinyamaza kidogo. Lakini mwalimu akafurahi sana, akasema hilo lenyewe ni swali, je, wasikilizaji, tumesikia honi moja au mbili? Wakalijadili wiki nzima, muuza maji akasema mbili, kinyozi akasema hakuna honi kabisa, kuna masikio tu.

Sasa kituo kimetualika Ijumaa, Fundi na Mama Alamu, ana kwa ana studioni. Mume wangu amenunua mashati mawili, akaniletea yote, akaniuliza eti yule mama atapenda lipi. Nikachagua la bluu kwa uchungu, maana ndilo ninalolipenda mimi. Halafu akaniambia, "Ijumaa duka lifunge tu, nenda unakotaka kwenda." Ananiondoa njiani, mshauri, sijawahi kuambiwa nifunge duka hata nilipokuwa na homa. Mume wangu ananisaliti na mimi mwenyewe, na sijui nimgombeze nani. Nikienda studioni nitamwaibisha, nisipoenda nitakuwa nimemuua Mama Alamu, na nikiri ukweli wangu wote, yule mama nampenda, ana maneno ambayo mimi sijawahi kuwa nayo mezani, na naogopa siku akiondoka nitabaki na kuulizwa chumvi. Nifanye nini? Nijibu mapema, nasikia anaita, ameniita kwa jina langu, si la redioni.

Ni mimi, muuza spea, mke halali wa Fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Mke halali, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, ndipo nikacheka. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri kwenye hilo boksi unisikilize.

Kwanza pole. Kuulizwa "unanipenda" ukajibiwa kwa ushahidi ni jambo la kuumiza, na mumeo alistahili kulala na hilo neno lake peke yake sebuleni. Kama angekuwa ofisini kwangu ningemwambia machoni.

Lakini wewe nawe, mama. Unaziba simu kwa mtandio kuongea na mwanaume unayekula naye, unayelala naye, ambaye ukigonga ukuta anasikia. Unaweza kumpinga mbele ya nchi nzima, ila mezani unanyamaza halafu unalaumu chumvi. Mumeo alikukataza lini kusema naye hivyo? Hukuandika popote kwamba alikukataza. Hukujaribu, ndiyo maana. Ulimpa yule mama wa redioni maneno yako yote mazuri, ukabaki na kijiko, kisha unamwonea wivu.

Sasa twende kwenye jambo ambalo umelisimulia mwenyewe na hukuliona. Mtu anayekaa mezani akasikia gari lisilo lake, akajua ni gurudumu lipi na pedi ipi, unaniambia hajatambua sauti ya mkewe kwa sababu ya mtandio? Honi ya lori ililia kwenye simu mbili, mwalimu wenu akaanza kugawa honi, mumeo akanyamaza. Alikuwa anahesabu kuta za nyumba yake. Baada ya hapo akanunua mashati, akamletea nani achague? Akakwambia ufunge duka Ijumaa uende unakotaka kwenda. Mwenye gereji gani, ambaye wateja wamemkimbia, anafunga duka la spea siku ya kazi? Wewe umesikia "ondoka." Mimi nimesikia "njoo."

Inawezekana nimekosea. Inawezekana kweli hajui, maana wapo wanaume wanaosikia kila kitu isipokuwa kilicho karibu. Kuhakikisha kabisa siwezi, kwa kuwa kinachoonekana kwangu ni barua tu, na barua yenyewe ni upande mmoja, na upande mmoja ukiuangalia kwa makini si... Unaona? Mmeshaniambukiza na mimi. Tuache hapo.

Anajua au hajui, tatizo lenu ni lilelile. Yeye, kama anajua, anaogopa kwamba akikwambia "nakutambua," simu itakatwa na mtarudi kwenye chaja. Wewe unaogopa hivyohivyo. Watu wazima wawili mmejificha, mmoja stooni, mmoja chini ya gari, kila mmoja anamlinda mwenzake asipotee, na nchi inasikiliza. Ningekuwa yule mziba pancha nisingekuwa upande wa yeyote kati yenu.

Yule mwalimu simlaumu. Kuuliza ndiyo kazi yake, na kama amemfanya kinyozi abishane juu ya masikio badala ya kusengenya wateja, apewe shukrani yake. Ila mumeo aliposikia swali alichukua nusu yake. Fundi akifungua gurudumu hawezi kuliacha gari juu ya jeki akaenda kunywa chai, na yeye ndicho alichofanya. Yule dereva wa teksi hakumwomba atabiri kesho. Alimwomba asimame nyuma ya kazi ya mikono yake. Kujua ni kitu kimoja, kutoa neno lako ni kingine, na neno tunalitoa kwa sababu kesho haijulikani. Ingejulikana, nani angehitaji neno la mtu? Mwambie hilo. Na usimwambie kwa simu.

Usimfichue studioni. Nakukataza. Watu watacheka, yeye atalazimika kucheka nao, na kicheko cha namna hiyo mtakirudisha nyumbani kikae katikati yenu. Mwambie kabla. Leo mchana, redio ikiwa imezimwa, kaa mezani, na akishaanza kula mjibu hoja yake ya jana, ile aliyomaliza nayo hewani, kwa sauti yako isiyo na mtandio, kama ungemjibu ukiwa stooni. Usiseme "ndiye mimi." Usieleze. Mjibu tu, halafu nyamaza umsubiri. Akiacha chakula akaendelea kubishana, alikuwa anajua. Akibaki mdomo wazi, alikuwa hajui, mpe maji. Kwa vyovyote vile endeleeni mpaka chakula kipoe.

Dada yako mpigie umwambie amekosa adabu. Mama yako mwombeni radhi nyote wawili, arudi, na safari hii mkwewe aseme amefurahi, giza la chumba aliache hukohuko chumbani.

Ijumaa funga duka. Vaa unachokipenda, na mwende kituoni pamoja kwa gari lenu, ambalo breki zake awe amezitengeneza yeye. Lakini kabla hujapanda, simama nje ya mlango umuulize kama breki zitashika. Akikwambia mpaka sasa zimeshika, usipande. Rudi ndani, kaa, mwache aende akaongee na mwalimu peke yake, na umwambie kwamba huombi habari za jana. Akisema "Zitashika," bila kuongeza neno, panda. Na ufunge mkanda, maana neno la mume ni neno, lakini mkanda ni mkanda.